Mwanafunzi Anayenyamaza Baada ya Matokeo

Mitihani ya muhula wa pili katika vyuo vya Mbeya na Iringa kwa kawaida huangukia majira ya baridi kali ya Juni na Julai, wakati ambapo mwanafunzi aliyekwisha kumaliza bumu (fedha za mkopo za kujikimu) hujikuta akikesha kwenye chumba cha kupanga, tumboni mkiwa na chai kavu tu. Wasiwasi anaoupata wakati huo si ugonjwa. Mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, akili huamka, na kwa kiasi fulani hali hiyo humsaidia kusoma. Madhara huanza mwili unapokosa nafasi ya kutulia, hasa usingizi unapokatwa usiku baada ya usiku, kwa kuwa ni usingizini ndipo ubongo huyahifadhi yaliyosomwa mchana. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Hata hivyo, katika kazi yangu ya ushauri nasaha, ninayemhofia zaidi ni yule ambaye matokeo yamekwisha kutoka, naye amepata sapu kadhaa (mitihani ya kurudia) au ameondolewa masomoni (kudisko, kama wenyewe wanavyosema), ilhali huko Makete au Tukuyu wazazi waliuza viazi na ndizi ili kumlipia ada. Huyu hapokei simu ya mama yake. Huzuni, kutopendezwa na chochote, usingizi uliovurugika na kujiona hana thamani vikidumu kwa wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona, na sonona hutibika kwa ushauri wa kitaalamu na, inapobidi, kwa dawa.

Wenzake wa chumbani ndio huona mapema, lakini wengi huogopa kumuuliza kama anafikiria kujiua, wakidhani kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii, likiulizwa kwa upole humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akikubali kwamba anafikiria kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, bali apelekwe kwa mshauri wa wanafunzi au hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Neno “jikaze” tunalitoa kwa nia njema, ila kwa mtu wa namna hii humfunga mdomo, ilhali ustahimilivu hukua pale anapojua yupo wa kumweleza bila kuaibishwa. Mzazi anayepigiwa simu kuhusu sapu na aanze kwa kuuliza kama mtoto amekula na kama amelala. Mambo ya ada yatazungumzwa kesho yake.