Viongezi katika chakula cha kuku wa mayai: kila kimoja na kazi yake

Kiongezi ni kitu kinachotiwa kwa makusudi, mara nyingi kwa kiasi kidogo sana, ndani ya chakula ambacho tayari kina mahindi, pumba, mashudu, dagaa au soya. Kinatiwa ili kurekebisha jambo mahususi: kuziba pengo la kirutubisho, kumsaidia kuku kumeng'enya alichokula, kukinga chakula kisimdhuru, au kubadili kitu kwenye yai lenyewe. Kwa kawaida hakiliwi peke yake. Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wa mwaka 2004 kuhusu ulishaji bora wa wanyama unakieleza karibu hivyo hivyo, na unaongeza kwamba kinaweza kuwa na lishe ndani yake au kisiwe nayo kabisa.

Kwamba kila kiongezi kinarekebisha jambo mahususi ndilo wafugaji wengi tunalolipita. Tukiingia duka la pembejeo tunaomba "kitu cha kuongeza mayai", na muuzaji hakosi cha kutupa. Lakini hakuna kiongezi kinachoongeza mayai kwa ujumla tu. Kila kimoja kina tatizo lake, na kama banda lako halina tatizo hilo, pesa imekwenda.

Tuanze na kile ambacho si kiongezi hasa, ila watu hukichanganya humo: chokaa. Ganda la yai moja linabeba takriban gramu mbili za kalsiamu. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na kati ya kalsiamu anayokula ni kama nusu tu inayoingia mwilini, kwa hiyo chakula chake kinahitaji kalsiamu ya asilimia nne hivi. Ndiyo maana kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai hubeba chokaa kilo 8 au zaidi. Kiasi hicho ni malighafi kama mahindi yenyewe. Mfugaji anayeokota mayai ya ganda laini kila asubuhi akakimbilia vitamini za kwenye maji, aangalie kwanza mzani wake wa chokaa. Aangalie na ukubwa wa chembe pia. Ganda hujengwa kwa saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku wakati kuku hali. Chokaa ya unga hupita haraka, lakini ile ya chenga, yenye ukubwa wa milimita mbili hadi nne, hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Kuku asiyeipata hukopa kwenye mifupa yake, na deni hilo likirundikana utamkuta amelala chini, miguu haina nguvu, ilhali jana alitaga.

Sasa premiksi. Huu ni mchanganyiko wa vitamini na madini yanayohitajika kwa chembe tu: manganizi, zinki, shaba, iodini, seleniamu. Kiwango cha kawaida madukani ni gramu 250 hadi 500 kwa kila kilo 100 za chakula, ila lebo ya pakiti ndiyo ya kufuata. Piga hesabu ya gramu 250: kuku mmoja kwa siku anapata chini ya theluthi moja ya gramu. Chembe hizo lazima zimfikie kila kuku, kila siku, na hapo ndipo uchanganyaji unapokuwa muhimu kuliko bei ya pakiti.

Ukimwaga premiksi moja kwa moja juu ya rundo na kugeuza kwa koleo mara mbili, kuku wa kona moja watakula vitamini na wa kona nyingine watakula pumba. Njia inayofanya kazi ni hii. Weka kilo moja ya mahindi ya kuparaza kwenye beseni, mimina premiksi, changanya kwa mkono mpaka usione tena unga wake umekaa mahali pamoja. Ongeza kilo tatu, changanya. Ongeza kilo kumi, changanya. Ndipo usambaze juu ya rundo zima na kuligeuza kutoka upande mmoja hadi mwingine mara nne au tano. Inachosha, lakini bila mashine hakuna mkato. Na pakiti iliyofunguliwa isikae miezi kwenye stoo ya bati: joto, mwanga na unyevu huua vitamini, hasa pale kolini (kirutubisho cha jamii ya vitamini) imewekwa pamoja nazo, kwa sababu kolini hunyonya unyevu wa hewani.

Amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ni kundi jingine. Protini ya chakula hupimwa kwa asilimia, lakini kuku hajengi yai kwa asilimia. Anajenga kwa amino asidi, na ile inayopungua ndiyo inayosimamisha kazi nzima. Katika chakula cha mahindi na soya, ya kwanza kupungua ni metionini. Dalili zake ni mayai madogo, manyoya hafifu, na mara nyingine kuku kudonoana. Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi hayalisemi wazi: kwetu Tanzania wafugaji wengi wanategemea mashudu ya alizeti, na alizeti ni kinyume cha soya. Ina metionini ya kuridhisha, imepungukiwa laisini, amino asidi nyingine. Anayelisha alizeti nyingi akaongeza metionini peke yake kwa kunakili fomula ya soya ameziba tundu ambalo halivuji.

Ndugu zetu wa Simiyu na Shinyanga wanaotumia mashudu ya pamba wana tatizo la aina yake. Pamba ina gosipoli, ambayo hufanya kiini kigeuke rangi ya kijani cha zeituni, hasa yai likikaa siku kadhaa. Chumvi ya chuma, yaani salfeti ya chuma, hushikana na gosipoli na kupunguza madhara yake. Huo ni mfano mzuri wa kiongezi: tatizo linajulikana, dawa yake inajulikana, na asiyelisha pamba hana haja nacho.

Vimeng'enya ni kundi ambalo bado halijazoeleka, ingawa faida yake ni ya wazi. Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyo kwenye nafaka, pumba na mashudu imefungwa kwa namna ambayo tumbo la kuku haliwezi kuifungua. Anaila, anaitoa kwenye kinyesi. Ndiyo maana tunanunua DCP (madini ya fosforasi na kalsiamu) au unga wa mifupa. Kimeng'enya kinachoitwa fitasi hufungua fosforasi hiyo. Kilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, wakati kinyesi cha mifugo kikichafua maji ya nchi hiyo kwa fosforasi. Kwa mfugaji wetu sababu ni nyingine: DCP ni miongoni mwa vitu ghali kwenye chakula, na fitasi inakuwezesha kuipunguza. Sharti ni kwamba uipunguze kweli, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukitia fitasi na DCP ukaiacha vilevile, umelipa mara mbili kwa kazi moja.

Halafu kuna vifyonza sumukuvu (sumu za ukungu), vingi vikiwa ni udongo wa mfinyanzi wa aina ya bentonaiti. Vinaishika aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, tumboni ili itoke na kinyesi, na kwa aflatoksini vinafanya kazi vizuri. Kwa sumu nyingine za ukungu, kama fumonisini, uwezo wake ni mdogo sana, hata kama pakiti inajisifu kwa zote. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu najua mahindi yaliyokataliwa na mashine ya unga huishia wapi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Mahindi ya namna hiyo hayageuki kuwa salama kwa sababu yamepelekwa bandani. Ini la kuku huharibika, utagaji hushuka, na kifyonza hakiwezi kubeba mzigo wa mahindi yaliyoota ukungu. Kikausho kizuri cha mahindi na stoo isiyovuja vinakuja kabla ya pakiti yoyote.

Rangi ya kiini ni habari ya soko. Mahindi yetu meupe hayana rangi ya kutosha, hivyo kuku anayekula hayo bila majani hutaga yai lenye kiini kilichopauka, na mteja analikataa akitaka "kama la kienyeji". Mfugaji anaweza kutumia mahindi ya njano, mchicha, majani makavu ya mti wa lusina kwa kiasi kidogo (yakizidi yana sumu yake), au rangi za dukani zinazotokana na maua ya marigoldi na pilipili nyekundu, au zilizotengenezwa maabara na kuruhusiwa kwa viwango maalumu. Ila tuseme ukweli kwa mteja: lutini na zeazantini zinazotia njano hazigeuki kuwa vitamini A, kwa hiyo rangi kali haithibitishi lishe bora. Na kutia rangi yoyote inayopatikana ni hatari. Novemba 2006 huko China mayai ya bata yenye kiini chekundu yaliondolewa sokoni baada ya kugundulika kuwa bata walilishwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula.

Rangi ya kiini inatufundisha pia kuhusu dawa. Ukianza kulisha rangi leo, kiini kinabadilika taratibu na kukamilika baada ya siku kumi hivi, kwa sababu viini vya mayai ya wiki ijayo vinajengwa sasa hivi ndani ya kuku, tabaka juu ya tabaka. Antibiotiki hufuata njia hiyo hiyo. Ukimpa kuku dawa leo, haingii kwenye yai la kesho tu. Inaingia kwenye viini vyote vinavyokua, na itaendelea kutoka kwenye mayai siku nyingi baada ya dozi kuisha. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki kama kiongezi cha kukuza mifugo kuanzia Januari 1, 2006, kwa hofu ya usugu wa vimelea. Huku kwetu bado kuna wafugaji wanaochanganya antibiotiki kwenye chakula "kama kinga", na mayai yanaenda sokoni asubuhi hiyo hiyo. Watoto wanayala. Dawa ni ya kutibu ugonjwa uliotambuliwa na daktari wa mifugo, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zinahesabiwa baada ya dozi ya mwisho. Kama chupa inasema isitumike kwa kuku wanaotaga, basi isitumike.

Tahadhari hiyo inahusu pia dawa za kuzuia kuhara damu zilizomo kwenye chakula cha vifaranga na kuku wanaokua. Nikabazini, kwa mfano, hufanya mayai ya kahawia yapauke na kiini kiwe na mabaka. Gunia la chakula cha kukuzia lililobaki stoo lisimaliziwe kwa kuku walioanza kutaga, na ukiona ganda la kahawia limegeuka jeupe ghafla wakati kuku ni wazima, soma lebo ya gunia hilo kabla ya kununua kitu kingine chochote.