Linux inakisoma kipimarangi chako. Swali ni kama namba zake ni za kweli

Wiki hii tena, mwenye duka la uchapaji hapa Mombasa ameniambia lazima anunue Windows kwa sababu "Linux haina draiva ya kipimarangi," yaani kifaa cha kupima rangi za skrini. Jamani, hili tuliache. ArgyllCMS, programu huria ya kusimamia rangi ya Graeme Gill, haingoji draiva ya kiwanda. Inaongea na kifaa yenyewe kupitia USB. Chomeka kipimarangi kama i1 Display Pro, andika amri yake ya spotread, namba zinakuja. Kifaa kisipoonekana, tazama kwanza ruhusa za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa. Kipimarangi cha Spyder 2 kinadai faili iliyomo kwenye programu ya kiwanda, amri ya oeminst inakutolea. Hilo limekwisha.

Kinachonikera ni watu kuona namba wakadhani kazi imekwisha. Kolorimita, aina ya kipimarangi kama hivyo viwili, haioni kama jicho. Ndani mna vihisi nyuma ya vichujio, na vichujio hivyo hujaribu kufuata mikondo ya CIE ya 1931, yaani kipimo cha kimataifa cha jinsi jicho linavyoona rangi, bila kuifikia kamili. Kosa linalobaki hubadilika kulingana na mwanga unaopimwa: skrini ya taa za CCFL (mirija ya zamani ya fluoresenti) italeta kosa lake, ya LED nyeupe lake, ya OLED lake. Ndiyo maana kuna faili za masahihisho. CCMX ni matriksi, jedwali la namba za kusahihisha, ya kolorimita fulani kwa skrini fulani. CCSS hubeba spektra (mgawanyo wa mwanga kwa kila urefu wa wimbi) za aina ya skrini, nayo hufaa kwa kolorimita ambayo unyeti wa vihisi vyake unajulikana. Mbunifu wa leso akichagua sahihisho la LED nyeupe huku skrini yake ni ya rangi pana (wide gamut), programu haitamgombeza. Itamtengenezea profaili (faili inayoieleza kompyuta rangi za skrini) safi kabisa, na yule mteja wa Biashara Street aliyekubali wekundu wa pindo kwenye skrini hiyo ataukataa kwenye kitambaa.

Msiseme kosa ni la programu huria. Kolorimita ya ColorHug ya Richard Hughes ni huria mpaka saketi, na bado inahitaji matriksi kwa kila aina ya skrini. Hiyo ni fizikia.

Wala spektromita, kipimarangi kinachopima mwanga wimbi kwa wimbi, haimalizi ubishi. i1 Pro kwa kawaida husoma kwa hatua za nanomita 10, na vilele vya mwanga vya skrini za kisasa vinaweza kuwa vyembamba kuliko hapo. Tena mikondo ya 1931 yenyewe ilitokana na macho ya watu 17 wa Uingereza, kwa hiyo skrini mbili zinaweza kutoa namba zilezile na macho yako yakakataa. Hapo mimi hulinganisha nyeupe kwa macho, kisha naisawazisha skrini ya pili kwa nyeupe hiyo, hata kama vitabu vinanuna.

Basi kabla ya kuniuliza draiva, tafuta skrini yako inatumia taa gani, iwashe nusu saa ipate moto, ndipo uniletee namba.