Hariri si dhaifu, kinachoila ni chumvi za metali

Watu wengi wakiona ile mifarishi ya zamani ya Marekani (matandiko ya kujifunika kitandani), ile ya viraka vya hariri vya maumbo yoyote yale vilivyodariziwa kwenye kila mshono, wakakuta imechanikachanika, wanasema basi hariri ni laini mno haifai kwa viraka. Sio kweli kabisa! Hariri ni kati ya nyuzi za asili zenye nguvu zaidi.

Kilichotokea ni hivi, hariri mbichi ina gundi ya asili ya kiwavi anayeitengeneza, ukiichemsha na sabuni kuitoa hiyo gundi inapungua uzito kama robo, na kwa vile hariri iliuzwa kwa uzito, watengenezaji wengi wa karne ya 19 wakawa wanailoweka kwenye chumvi (kemikali, si chumvi ya kula) za bati au chuma ili uzito urudi na hata uzidi. Hizo chumvi ndo zinaila taratibu, haswa ikipigwa na mwanga. Ndo maana kwenye mfarishi mmoja wa miaka ya 1880 unakuta kiraka kimoja kimekauka na kupasuka na cha jirani yake bado kinang'aa, na vyote vimekaa pamoja miaka yote hiyo.

Kwa hiyo vipande vyako vya hariri usivitupe jamani. Vishonee juu ya kitambaa cha pamba, hicho ndo kinabeba mzigo, kunja kingo ndani maana hariri inafumuka haraka sana, alafu ndo udarizi juu ya mishono kwa sindano nyembamba. Ila usianike juani, jua linaiharibu hata hariri isiyo na chumvi.