Umri wa ngisi hausomwi kwenye rula

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika ripoti za uvuvi wa ngisi wa tropiki huanzia kwenye rula. Mtu hupima ngisi mwezi baada ya mwezi, huchora grafu ya urefu wao, kisha hufuatilia kilele cha grafu, yaani urefu walio nao wengi, kinavyosogea ili akadirie kasi ya ukuaji. Samaki wanaozaana kwa msimu mmoja wanaweza kupimwa hivyo. Kwa ngisi njia hii hupotosha vibaya: mnyama wa miezi mitano huandikiwa miaka miwili au mitatu.

Sababu ni kwamba ngisi wa maji ya joto hutaga karibu mwaka mzima. Wadogo wanaingia nyavuni bila kukoma huku wakubwa wakifa, kwa hiyo kilele kinaganda palepale. Pima urefu wa wanafunzi wa darasa la tatu kila mwaka: darasa halirefuki, ilhali kila mtoto anarefuka.

Umri wenyewe umo kichwani mwa ngisi. Kwenye viungo vinavyompa mizani ya mwili mna vijiwe viwili vya kabonati ya kalisi, viitwavyo statolithi, vidogo kama chembe ya mchanga. Kila siku kijiwe huongezewa tabaka jembamba, linaloonekana kama pete. Tunajuaje kuwa pete moja ni siku moja? Ngisi hai hupewa tetrasaiklini, dawa inayonasa kwenye tabaka la siku hiyo na kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Hufugwa kwa siku zinazojulikana, kisha huhesabiwa pete zilizoongezeka baada ya alama. Mwaka 1990 mtafiti wa ngisi George Jackson alichapisha majaribio ya namna hii kwa ngisi wa tropiki, Loliolus noctiluca na Loligo chinensis, na pete zikalingana na siku.

Kazi ya mikono inadai subira. Kijiwe hubandikwa kwenye kioo kwa gundi inayoyeyuka kwa joto, kikasagwa kwa msasa laini sana, huku ukikiangalia kwenye hadubini kila baada ya misuguo michache. Ukizidisha kidogo tu, pete za ukingoni zimekwenda na hazirudi. Nimepoteza vijiwe vizuri kwa njia hiyo, na bado inaniuma, kwa sababu kila kimoja ni maisha mazima ya mnyama. Baada ya hapo nahesabu mimi, anahesabu mwenzangu bila kuiona namba yangu, na tukipishana zaidi ya asilimia 10 tunarudia au tunakiacha.

Pete zinaonyesha nini? Spishi nyingi ndogo za tropiki hazifikishi siku 200. Ukuaji wao pia haulegei uzeeni kama wa samaki, hivyo mkunjo wa von Bertalanffy, unaozoeleka kwenye hesabu za uvuvi na unaochukulia kwamba ukuaji hupungua kadiri umri unavyosonga, hauwafai. Tena ngisi wawili wenye urefu sawa wanaweza kupishana kwa wiki kadhaa, maana aliyeanguliwa maji yakiwa na joto zaidi hukua haraka. Ndiyo maana natoa idadi ya pete kwenye tarehe ya kuvuliwa, napata siku ya kuanguliwa, kisha nalinganisha ukuaji mwezi kwa mwezi.

Kwa msimamizi wa uvuvi, hili linabadilisha kila kitu. Kama maisha ni siku 150, tathmini ya mwaka jana inaeleza ngisi waliokwisha kufa. Hakuna wazee waliobaki baharini wa kuziba pengo la kizazi kilichoharibika. Mimi nashikilia kwamba sampuli zichukuliwe kila mwezi, na mazalia yalindwe hasa katika miezi ambayo tarehe za kuanguliwa zinaonyesha imeleta ngisi wengi wanaofika nyavuni.

Ombi langu kwa wanaokusanya takwimu mahali ngisi wanaposhushwa: mkishapima urefu, tunzeni vichwa. Vigandisheni au vitieni kwenye alkoholi, kamwe si kwenye formalini, kwani asidi yake huyeyusha vijiwe na umri ukapotea navyo.