Sindano haisambazi uvimbe wa mtoto

"Daktari, usiuguse huo uvimbe, ukiuchokoza utasambaa." Nayasikia haya kwa wazazi, kwa mabibi na, la kuudhi zaidi, kwa wahudumu wenzangu wa afya.

Chukua limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, ile ya kuvimbisha taya ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Inaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Mtoto anachukuliwa kwa sindano kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima, Jumatatu, Ijumaa shavu limefura, lawama zote kwa sindano! Lingefura tu, aguswe asiguswe. Kwenye hadubini sababu naiona: karibu kila seli iko mbioni kugawanyika, kipimo cha Ki-67, kinachoonyesha sehemu ya seli zinazogawanyika, kinakaribia asilimia 100, na katikati yake zimetawanyika seli kubwa zilizopauka zinazokula mabaki ya zilizokufa. Sura hiyo tunaiita anga la nyota. Kasi hiyohiyo ndiyo huifanya isikie dawa upesi, ila mtoto aanze mapema. Anayesubiri uvimbe "upoe" kwanza anaupa nafasi ya kufika tumboni, kwenye uboho na kwenye ubongo.

Tahadhari zipo, sikatai. Jicho lenye retinoblastoma, saratani ya jicho la mtoto, hatulichomi sindano, maana seli zinaweza kutoka nje ya jicho. Hapo tunategemea uchunguzi wa jicho lenyewe na picha. Uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, nao mara nyingi huanzishiwa dawa kwa kutegemea picha. Huo ni uamuzi wa timu ya madaktari, si wa jirani.

"Si CT skani imeshaonyesha?" Imeonyesha ulipo na ulikofika. Neuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, hupenda kuizunguka mishipa mikubwa ya damu na kuwa na chembe za chokaa, Wilms huisukuma kando. Ni dalili nzuri, lakini bado ni dalili. Hata kwenye hadubini, rhabdomyosarkoma (saratani ya misuli) na limfoma zote huweza kuonekana kama seli ndogo za buluu, nami siwezi kuzitenganisha kwa uhakika bila vipimo vya ziada vya protini.

"Ultrasaundi ina mionzi." Haina. MRI nayo haina.

"Ni jino tu." Magego yakilegea kwa mtoto wa miaka mitano na taya limevimba, msianze kung'oa. Mleteni.

Na kinyama kije maabara ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama yenyewe. Maji ya bomba hapana. Kikifika kimeoza, mtoto atachomwa upya.