Kiasi si kasi: silika katika bahari maskini

Wiki hii, hapa Bukavu, nimeisoma tena ile hoja katika ripoti ya mwanafunzi mwenye bidii: maji ya juu ya Bahari ya Sargasso, katika Atlantiki ya Kaskazini, yana virutubisho vinavyokaribia sufuri, kwa hiyo hakuna kinachozalishwa humo. Nimeisikia pia kwa wahandisi na katika mikutano ya wavuvi, na karibu kila mara hufuatwa na pendekezo la kumwaga mbolea, hata katika Ziwa Kivu. Naijibu hapa kwa kirefu.

Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli. Asidi ya siliki, yaani silika iliyoyeyuka majini, katika maji ya juu ya Sargasso kwa kawaida haizidi sana mikromoli 1 kwa lita, ilhali wastani wa bahari zote ni kama 70. Kosa limo katika hilo neno "kwa hiyo". Kipimo hicho kinaeleza kilichobaki majini, hakielezi kilichopita. Anayefika ufukweni saa nne asubuhi, akakuta mabeseni ya sambaza, samaki wadogo wa Kivu, ni matupu, kisha akasema wavuvi hawakupata kitu usiku, hakuuliza kama samaki walikwisha kununuliwa alfajiri. Ndivyo ilivyo kwa virutubisho: amonia, yenye nitrojeni, inayotolewa na bakteria na wanyama wadogo wa planktoni hunyakuliwa na mwani upesi mno, hata chupa ya sampuli haiikuti. Dugdale na Goering walikwisha kutenganisha, mwaka 1967, uzalishaji unaolishwa na nitrojeni mpya kutoka kilindini na ule unaolishwa na nitrojeni iliyorejelezwa papo hapo juu, na katika bahari maskini huu wa pili ndio mkubwa. Sioni kwa nini tunaendelea kufundisha kama vile kazi hiyo haikufanyika.

Linaloniudhi zaidi ni kuona silika ikihesabiwa pamoja na nitrojeni na fosforasi, kana kwamba zote zinarudi majini kwa njia moja. Silika haimo katika nyama ya diatomu, ambayo ni mwani wa seli moja, imo katika ganda lake. Mnyama akila diatomu humeng'enya nyama, na sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi hurudi majini karibu na uso, lakini ganda hutoka na kinyesi, na kinyesi huzama. Ganda hilo halimeng'enywi na yeyote. Huyeyuka tu, kwa sababu maji ya bahari hayajashiba silika, na huyeyuka polepole, polepole zaidi katika baridi. Tena lina utando wa mata ogani unaolikinga: Bidle na Azam walionyesha mwaka 1999 kwamba bakteria wanapoula utando huo, kasi ya kuyeyuka hupanda sana. Kwa hiyo silika hurejea majini chini zaidi kuliko fosforasi, na kila mzunguko unapopita, maji ya juu huzidi kupungukiwa na silika kuliko yanavyopungukiwa na vingine. Diatomu, ambazo kwa kawaida huhitaji takriban atomu moja ya silikoni kwa kila atomu ya nitrojeni, hubanwa, na vijimwani visivyojenga ganda huchukua nafasi yao. Uzalishaji haukomi, wanaozalisha ndio wanaobadilika.

Je, atomu moja ya silikoni hupita mara ngapi katika viumbe kabla ya kuzikwa sakafuni? Tréguer na wenzake waliandika karibu mara 40 mwaka 1995, mara 25 mwaka 2013, na mara 16 mwaka 2021. Bahari haikubadilika hivyo katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni makadirio ya kiasi kinachoingia na kinachozikwa. Kitabu kinachotoa namba moja tu kinamficha msomaji jambo hili, nami huzifundisha zote tatu pamoja na miaka yake.

Sasa mbolea. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na maji yake ya chini yamejaa fosforasi, nitrojeni na silika, lakini tabaka zake hazichanganyiki. Chemchemi zilizo chini ya ziwa husukuma maji hayo juu taratibu, na katika kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo na ubaridi huchanganya maji ya juu hadi mita 60 hivi. Ndipo diatomu hustawi. Mbolea ya shambani haina silika. Ukimwaga fosforasi bila silika, diatomu zitaimaliza silika iliyopo, kisha sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, watatawala. Schelske na Stoermer walieleza upungufu wa namna hiyo katika Ziwa Michigan mwaka 1971. Nao wanaovuna gesi ya metani iliyoyeyuka katika maji ya chini, yenye virutubisho vingi, lazima wayarudishe maji kilindini baada ya kuyatoa gesi, wasiyaache juu.

Lipo jambo linalonisumbua hata mimi. Mwaka 2012, Baines na wenzake waligundua silikoni ndani ya Synechococcus, sainobakteria wadogo wasio na ganda lolote, katika Pasifiki ya ikweta na katika Sargasso yenyewe. Hesabu nyingi tulizorithi zinaiandika silika yote ya viumbe wa majini kwa jina la diatomu. Synechococcus ni wengi sana katika Kivu, na ningependa seli zao zipimwe silikoni kabla hatujachora tena mshale mmoja tu kutoka kwenye silika kwenda kwenye diatomu.