Mipaka ya maeneobunge haichorwi na mheshimiwa

Hii story ya kwamba mbunge ndiye anakata mipaka ya eneobunge lake tumeisikia tangu utotoni, na naelewa ilitoka wapi, zamani siasa iliingia sana humo. Lakini tangu Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 89, kazi hiyo ni ya IEBC, yaani Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Maeneobunge ni 290, basi, hata mkipiga kelele namna gani haliongezwi moja bila kubadilisha Katiba. Wanachukua idadi ya watu wanagawa kwa 290, kwa sensa ya 2019 inakuja kama watu 164,000 hivi, halafu wanaruhusiwa kupanda ama kushuka asilimia 30, na mijini na kule watu wako wachache asilimia 40. Na ni watu, si wapiga kura, hata mtoto wa jana anahesabiwa!

Sasa wewe unaingia wapi? Tume lazima iwasikilize wananchi, so enda na memoranda yenu, yaani maoni mliyoandika, na mipaka ikishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi mtu yeyote ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu, kesi iamuliwe ndani ya miezi 3. Mwaka 2012 watu walienda.